Pipa la Kaka Mkubwa

"Mwanaume anayejichagulia mwenyewe picha zake, mwanangu, ana picha moja anayoiogopa."

Mama aliyasema hayo akiwa amepiga goti mbele ya gauni la mteja, pini amezibana kwenye kona ya mdomo, wala hakuinua macho. Ndivyo alivyo. Maneno mazito huyatupa akiwa anafanya kazi nyingine, halafu anaendelea kushona kana kwamba hajasema kitu, wewe ubaki nayo kutwa nzima.

Binti yake alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya meza ya cherehani. Alikuwa amechelewa kazini, na kidoleni alikuwa na pete ambayo bado hajaizoea. Kila mara aliizungusha kwa dole gumba, kuhakikisha ipo.

"Mama, ile ni filamu ya bendi yao. Wasipochagua wao, achague nani?"

"Sijasema wasichague. Nauliza yule wako anakata nini. Wewe si ndiye mhariri? Inakuwaje hujui kilichokatwa?"

"Wakichagua mimi natoka nje. Ndiyo sheria yao."

"Sheria!" Mama alitema pini moja kiganjani. "Sikiliza. Jumamosi watu wake wanakuja hapa kukaa kwenye viti vyangu na kuniomba mwanangu. Sina tatizo na gitaa. Hata zile nywele zake nimeshazisamehe. Tatizo langu ni mtu anayeposa huku anajifuta. Muulize."

"Nitamuuliza."

"Leo."

"Leo, mama."

"Haya nenda, kiatu chako kiko nyuma ya mlango. Na ule kitu njiani, umekonda."

Akaenda. Hakula kitu njiani.

Pale kazini walimwita Mkasi, kwa kuwa kukata ndiyo kazi yake, ingawa katika filamu hii mkasi haukuwa wake. Bendi iliitwa Kutu, watu wanne, muziki wa roki wa kupasua vioo, na walikuwa pamoja tangu ndevu hazijaota. Zamani kidogo kituo kimoja cha televisheni kiliwatengenezea filamu kikawaonyesha kama watu wanaochukiana. Walipoiangalia, wakachukiana kweli, mwaka mzima hawakupanda jukwaa moja. Walipopatana wakaapa kwamba filamu nyingine ya maisha yao wataitengeneza wenyewe, na wakajitungia sheria ya namna yao. Kamera zitawaka kila siku ukumbini. Picha mpya zikitoka, kila mmoja ataingia chumba cha uhariri peke yake, azitazame, na asichokipenda akitoe. Hakuna kuulizana sababu. Kilichotolewa kinaingia kwenye pipa la aliyekitoa, yaani folda ndani ya kompyuta yenye jina lake, na atakayeingia baada yake hatajua hata kama kilikuwepo. Mhariri atapewa yatakayobaki, aunge filamu.

Watu wazima walikaa wakatunga sheria hiyo, wakapeana mikono, wakaona wamemaliza ugomvi wa dunia. Waliyafungia mapipa wasitazamane wao kwa wao. Kwa mhariri hawakufunga kitu, walimtaka ahadi tu, naye akaahidi.

Jengo lilikuwa karakana ya uchapaji iliyokufa. Chini palikuwa ukumbi wa mazoezi, juu chumba chake chenye sakafu ya mbao iliyopitisha kila sauti. Alipoingia asubuhi ile, Radi, mpiga ngoma, alikuwa amekaa kwenye spika akila mkate.

"Shemeji! Umekonda. Gitaa letu linakumaliza."

"Mama naye kasema hivyohivyo. Mmekutana wapi?"

Radi alicheka, akatafuna, kisha akauliza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Eti jana alikupigia kukutakia usiku mwema?"

"Alinipigia. Mara mbili!" alisema kwa maringo. "Ya pili kanikuta nimeshalala."

"Mara mbili," Radi alirudia. Mkate ulibaki mkononi. "Haya. Penzi hilo." Akageuka akaanza kukaza ngoma ambayo haikuwa imelegea.

Mwimbaji wao, dada mmoja mrefu waliyemwita Malkia, alikuwa dirishani. Alimtazama Mkasi tangu miguuni mpaka kwenye pete, akataka kusema kitu, akawasha sigara. Mkasi alipanda ngazi akijiambia kwamba watu wa muziki ni wagomvi asubuhi. Lakini mgongo wake ulikuwa umesikia baridi, na mgongo hauna sababu ya kudanganya.

Nyuzi, mpiga gitaa, alikuwa amempenda kwenye skrini kabla ya kumpenda ana kwa ana. Ukikaa miezi ukiutazama uso wa mtu, ukiurudisha nyuma, ukiusimamisha katikati ya tabasamu, utayajua mambo yake ambayo hata ndugu zake hawayajui. Alijua kwamba Nyuzi hugusa sikio anaposema uongo. Alijua kwamba akifurahi kweli hafungui mdomo. Kisha siku moja akageuka akamkuta mwenye uso amesimama mlangoni, anamtazama akimtazama.

"Unaniangalia sana," Nyuzi alisema.

"Ninalipwa kukuangalia."

"Na filamu ikiisha, utaniangalia bure?"

Mkasi aligeukia mashine haraka. Akabonyeza kitufe kisicho chake, akafuta kazi ya asubuhi nzima. Tangu siku ile Nyuzi alipanda kila alasiri na kikombe kimoja cha chai, wanakunywa kwa kupokezana, na Mkasi aliwaringia rafiki zake kwa kikombe hicho. Mwenzenu naletewa kikombe kimoja, mnajua maana yake? Wiki iliyopita alimchumbia palepale ngazini. Pete aliitoa kwa mkono wa kulia akamvisha kwa mkono huohuo, wa kushoto umezama mfukoni, jasho linamtoka. Mkasi aliona ni haya, akampenda zaidi.

Sasa, alasiri, gitaa lilikuwa likilia chini ya miguu yake. Lilianza wimbo, likafika mahali fulani, likanyamaza. Likaanza tena. Likafika palepale, likanyamaza. Mara ya tatu lilipita kidogo, likakwaruza, na Radi akapiga ngoma kwa nguvu kulifunika. Kisha kimya, kisha kicheko cha watu ambao hawana la kuchekea.

Mkasi aliitazama skrini. Mapipa manne yalikuwa pale pembeni, yamejipanga. Aliahidi hatayagusa, na kwa kweli hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini maneno ya mama yalikuwa yameshapata mahali pa kukaa. Na tusidanganyane, alichokitafuta kilikuwa mwanamke. Nani aliyevishwa pete asitafute mwanamke kwanza? Alijiandaa kumwona, mzuri, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la bendi, kichwa begani kwa Nyuzi. Alifungua pipa la Nyuzi huku machozi yameshaanza kumlenga.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mkono.

Kipande cha kwanza, Nyuzi anapiga gitaa, kamera imekaribia vidole vya kushoto. Viwili vya mwisho vinachelewa. Kipande cha pili, viwili hivyo havishuki kabisa, naye anatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Kipande kingine anajaribu kufunga kifungo cha shati, anaacha, anavaa koti juu. Kingine amebeba vikombe viwili vya chai, kimoja kila mkono, anapanda ngazi, na kile cha kushoto kinaanguka tu, bila kugongwa na kitu. Anakaa ngazini, anafuta chai kwa soksi yake. Anashuka. Anapanda tena na kikombe kimoja.

Mkasi alisimamisha picha hapo. Alikaa akakitazama kikombe.

"Umefungua pipa langu."

Nyuzi alikuwa mlangoni, na chai yake ya alasiri, ileile moja. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nimefungua," alisema Mkasi.

"Tuliapa."

"Nyinyi ndio mlioapa. Mimi niliahidi tu, na nimevunja, niadhibu baadaye. Mkono umekuwaje?"

Nyuzi aliweka kikombe mezani. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mbele yake juu ya meza, akautazama kama mtoto mtundu aliyefikishwa kwa mwalimu. "Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa. Hapa kwenye kiwiko. Utapona, au hautapona. Ndivyo alivyosema, maneno yake hayo."

Mkasi alimtazama sikio. Nyuzi hakuligusa.

"Tangu lini?"

"Kabla sijakuchumbia."

"Na mimi ningeambiwa lini?"

"Baada ya harusi."

"Baada!" Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Yaani nikishafungwa ndipo nionyeshwe kamba?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimewaringia watu kikombe, Nyuzi! Nimekaa kwa rafiki zangu nikasema mwenzenu ananipenda mpaka tunakunywa kikombe kimoja. Kumbe huna mkono wa kubebea cha pili!"

"Nakupenda."

"Ungenipenda kwa vikombe viwili, ukaniambia kimoja nikushikie!"

Hapo Nyuzi alicheka kidogo, bila kupenda, na macho yakamjaa maji. "Niliogopa utaondoka. Mpiga gitaa asiye na mkono ni nani? Ni jamaa tu mwenye nywele nyingi."

Mkasi angependa kuendelea kukasirika. Alikuwa na haki, na maneno bado yalikuwepo. Lakini alimwona jinsi alivyokaa, mkono wake mezani kama kitu alichokuja kukirudisha, akashindwa. Aliuchukua ule mkono akauweka shavuni kwake. Ulikuwa wa baridi. Vidole vitatu vilimshika, viwili vikabaki vimelala.

"Mimi sikupenda mkono, mjinga wewe," alisema. "Kuna kingine unachonificha?"

"Hakuna."

"Apa."

"Naapa. Na nikwambie kitu, unielewe vizuri." Sauti ilishuka. "Kama ungekuwa ugonjwa wa baba, usingenikuta hapa. Nilikuwa mdogo, sikuona ulivyoanza, lakini niliona ulivyoisha. Mama alimlisha kijiko kwa kijiko, na yeye anamuuliza, samahani dada, mwenye nyumba hii yuko wapi? Kila siku. Mama hakuwa mzee, Mkasi. Alizeekea pembeni ya kile kitanda. Mimi siku nikiambiwa ni ule, siku hiyohiyo naondoka. Hutajua nimeelekea wapi. Sitakufanyia alichofanyiwa mama."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini nimeshasema, nawe unanijua, neno langu silirudii."

"Basi nami nina langu. Tusikatiane kitu tena. Hata kibaya. Hata cha kuua."

"Hata cha kuua," Nyuzi alisema, akambusu kwenye paji la uso, akakaa hivyo kwa muda, kisha akashuka mazoezini. Chai ilikuwa imepoa. Mkasi aliinywa yote peke yake akitabasamu na skrini. Mama atalia kidogo, alijisemea, kisha atasema mkono si kitu, yeye mwenyewe anashona kwa vidole vyenye baridi yabisi. Jumamosi itakuja na itapita.

Laiti angezima kompyuta hapo.

Lakini mhariri ni mhariri. Alianza kuyafunga aliyoyafungua, na jicho likaona jambo ambalo lingeonekana zamani kama angelitafuta. Pipa la Malkia lilikuwa jepesi. La Radi lilikuwa na vipande vichache, na ungeweza kukisia, kitambi chake. La Nyuzi ameliona. Pipa lililovimba kuliko yote lilikuwa la Besi.

Besi ni kaka mkubwa wa Nyuzi, mpiga gitaa la besi, mtu wa maneno mawili kwa siku. Husimama nyuma gizani. Kamera hazimpendi naye hazipendi. Katika filamu nzima alikuwa na sura tatu au nne tu za kuonekana. Sasa mtu asiyepigwa picha amekata nini mpaka pipa likajaa? Na hapo Mkasi akakumbuka kwamba kila picha mpya zilipotoka, anayefika wa kwanza alikuwa Besi. Kabla ya jua kupanda yuko mlangoni, kofia mkononi, anaomba ufunguo. Wote walifika baada yake. Wote waliona alichowaachia.

Alifungua.

Besi hakuwemo. Kila kipande kilikuwa cha Nyuzi.

Nyuzi ukumbini, wanamaliza wimbo, wanapigiana makofi, naye anasema, "Haya, tuanze na ule wetu wa zamani," anaanza wimbo uleule waliomaliza. Malkia anauimba tena bila neno, macho ameyafumba. Nyuzi anasimulia kisa cha gari lililozama matopeni, wote wanacheka. Anakunywa maji. Anasimulia kisa cha gari lililozama matopeni, wote wanacheka. Nyuzi anamwelekea Radi, aliyecheza naye tangu utoto, anafungua mdomo, jina haliji. "Wewe," anasema. "Wewe, jamaa wa ngoma." Radi anainama kufunga kamba ya kiatu, na anakaa ameinama muda mrefu.

Mkasi alikuwa akitikisa kichwa peke yake. Visa vya kurudiwa alivisikia. Aliviona ni utani. Simu mbili za usiku mwema alizihesabu ni mapenzi.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha juzi. Ndugu wawili wamekaa kwenye masanduku ya vyombo, hawajui kamera ya pembeni inawaka. Nyuzi ana furaha, mdomo ameufumba vile anavyoufumba.

"Kaka, kesho namchumbia yule dada wa uhariri. Nimekata shauri. Unaonaje?"

Besi anavua kofia, anaiweka gotini. Kisha, taratibu, "Umeshamchumbia, mdogo wangu. Pete anayo."

Nyuzi anamtazama. Uso wake, ule uso ambao Mkasi aliujua kuliko vitabu vyake vya shule, unatafuta mahali pa kushika, haupati. Kisha anacheka. "Si nakutania tu." Anagusa sikio.

"Shemeji."

Besi alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Hakuuliza anatazama nini. Alirudishia mlango.

"Ni nini hiki?" Mkasi aliuliza. Alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Baba alianza hivi. Mkono kwanza. Nyuzi hakumbuki, alikuwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga baba vifungo."

"Yeye anajua?"

"Anajua mkono. Mengine akiyafanya, anasahau kwamba ameyafanya. Angejulia wapi? Kwenye picha tu. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza." Hakuwa amezoea kusema mengi hivyo, akapumzika. "Nilimkata asijione."

"Na mimi? Mlinikata na mimi? Jumamosi ungekuja kwa mama yangu, ukae kwenye kiti chake, umwombe binti, na haya unayo tumboni?"

Besi aliinama. "Ningekuja."

"Mungu wangu."

"Nichukie, shemeji, una haki. Ila nisikilize kwanza. Tangu uje hapa anaamka akiimba. Miaka sijasikia. Ana muda mzuri kidogo uliobaki, mwaka, labda zaidi, baba alipata zaidi. Mwache aupate wote. Ukimwonyesha hivi ataondoka. Najua ameshakwambia, ananiambia mimi kila siku. Atakwenda mahali tusipomjua, na mtu wa ugonjwa huu akiwa peke yake..." Hakumalizia. "Funga tu hilo pipa. Ukimwambia, unampoteza leo."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo aliijua tangu utoto, lakini haikumwambia afanye nini pale. Akinyamaza anaye. Ataolewa naye, atakunywa chai yake, atasikia kisa cha gari na matope na kucheka kila mara upya, na kila usiku atalala karibu na mtu ambaye yeye mwenyewe anamdanganya. Akisema, hana. Ni hayo mawili tu. Alilia bila kujificha, kwa kwikwi, na Besi akageukia ukuta.

Chini gitaa lilinyamaza. Wote wawili walisikia miguu ikipanda ngazi.

"Funga, shemeji," Besi alinong'ona. "Nakuomba. Funga."

Mkono wa Mkasi ulikuwa juu ya kitufe. Nyuzi aliingia.

"Mbona mmejifungia? Mnanisengenya?" Alimwona analia. Tabasamu likamtoka. "Kaka, umemwambia nini?"

Besi alitikisa kichwa, si kwa ndugu yake, kwa Mkasi. Usifanye.

"Kaa hapa, Nyuzi," Mkasi alisema.

"Kuna nini?"

"Tulisema hata cha kuua. Kaa."

Alimgeuzia skrini, akawasha. Hakumshika mkono, kwa sababu alijua akiushika atazima. Alisimama nyuma ya kiti na kumtazama kisogoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutaka kuuona uso wake. Wimbo uliisha, ukaanza tena. Gari lilizama, watu wakacheka. Jamaa wa ngoma. Kisha masanduku ya vyombo, ndugu wawili, kesho namchumbia yule dada.

Skrini ikawa nyeusi. Nyuzi hakusogea.

"Baba alianza hivi?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo," Besi alisema.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, mdogo wangu."

Nyuzi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona ni sahihi. Akasimama. Akachukua koti kwenye msumari, akalivaa kwa shida, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alimwendea Mkasi, akampangusa machozi kwa kiganja cha kulia, shavu moja, kisha la pili.

"Jumamosi wazee wasije. Nitawapigia mwenyewe."

"Nyuzi, tafadhali..."

"Nilikwambia. Leo hii nimekwambia, na hilo nalikumbuka." Alimtazama sana, kila sehemu ya uso, bila haraka. "Ahsante kwa kutonikata," alisema.

Akageuka, mgongo umenyooka, kichwa juu, akavuka chumba. Alifungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake taratibu kama mtu mwenye adabu.

Haukuwa mlango wa ngazi. Ulikuwa mlango wa stoo, chumba cha kebo na taa mbovu, kisicho na dirisha wala njia ya kutokea.

Mkasi na Besi walibaki wamesimama. Walingoja atoke, acheke, aseme amekosea. Ndani hakukusikika hatua. Hakukusikika kitu. Muda ukapita, na Besi akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kumtikisika.

Mkasi alifuta pua kwa mkono wa gauni. Akaenda, akafungua ule mlango, akaingia gizani, akaurudishia nyuma yake ili kaka mtu asiwaone.

"Nani?" sauti ya Nyuzi ilikuwa ndogo.

"Mimi."

Alisikia kiganja kikipapasa ukuta, kikigonga rafu, kikirudi ukutani.

"Ngazi ilikuwa hapa," Nyuzi alisema.

"Ngazi iko mlango wa pili."

Kiganja kiliacha kupapasa. Kisha, "Nilikuwa naondoka, Mkasi."

"Najua. Uliapa."

"Usinizuie."

"Sikuzuii. Nitakuonyesha mlango, uende unakotaka." Alimtafuta gizani mpaka akaupata ule mkono wa baridi, akaushika kwa mikono yake miwili. "Ila nitakuwa nyuma yako. Kuna milango mingi kati ya hapa na huko unakokwenda."

Nyuzi hakuuvuta mkono. Alisimama palepale gizani, akangoja aonyeshwe.